Sisi Watu Thelathini na Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Tamko la wafanyakazi wa reli tena. Kidato cha nne, kipindi cha pili, vumbi la chaki mpaka kwenye kope. Mwaka wa ishirini na sita huu nalifundisha, na bado nikifika pale penye "Tumengoja kwa adabu, na adabu yetu mkaidhania usingizi," naweka chaki chini. Wanafunzi wanadhani naigiza. Waache wadhani.

Nimewachorea milango mitatu ubaoni. Anayetaka kukushawishi hupita mmojawapo, na hodari hupita yote. Wa kwanza, msemaji mwenyewe: huyu ni nani hata nimwamini? Tamko linajibu kwa majina: "Sisi watu thelathini na mmoja, tuliotia majina yetu hapa chini kwa hiari yetu." Wa pili, moyo: hiyo adabu na huo usingizi. Wa tatu, akili: "Siku ina saa ishirini na nne. Karakana inachukua kumi na sita. Nane zilizobaki tuwagawie watoto, tuwagawie wagonjwa, tumgawie na Mungu." Hesabu ya darasa la pili, na utawala mzima ulikosa jibu. Ukajibu kwa pingu.

Yule msichana wa dawati la nyuma wanayemwita Wakili akanyoosha mkono. Mwalimu, kwa nini thelathini na mmoja? Si wangesema tu thelathini, ingependeza zaidi? Nikampa jibu langu la kila mwaka: mwongo angesema thelathini, mkweli huhesabu. Darasa likacheka. Nalipenda jibu hilo, sikatai. Kisha wakanitazama kwa ile heshima, maana wote wanajua jina la ishirini na moja kwenye orodha ni la baba yangu.

Nimerudi nyumbani, redio imezimwa. Mwezi huu wanalisoma Tamko kila saa saba baada ya habari, na mama kila saa saba kasoro dakika moja anapapasa kitufe anazima. Siku hizi haoni, lakini saa anaijua.

Jumatano, 5 Juni

Mkuu wa shule kaniita ofisini. Barua ya kamati, muhuri kama sahani. Tamko linatimiza miaka hamsini tarehe kumi na tano, na mimi, binti wa mmoja wa waliotia majina, naombwa kuhutubia. Dakika kumi: Nguvu ya Tamko. Aya ya pili nimeisoma mara mbili. Wamesikia kwamba rasimu ya orodha, ile ya mkono, iko kwa mama. Wanaiomba iwekwe kwenye kabati la kioo. Gari litakuja Ijumaa ya wiki ijayo saa tatu asubuhi.

Nani kawaambia? Mimi, nadhani. Mdomo wangu na wanafunzi!

Nimemsomea mama barua. Kasikiliza mpaka mwisho. Kisha, "Maadhimisho," kasema. "Herufi kumi na moja." Ndio mchezo wake. Zamani wapiga taipu walihesabu herufi ili kichwa cha habari kikae katikati ya karatasi, na vidole vyake havijaacha. Ukimwambia neno zito, anakupa hesabu yake kwanza. Nilipoachika alisema, "Talaka, sita," ndipo akanikumbatia.

Karatasi wapewe, kasema. Haina faida kwake.

Alhamisi, 6 Juni

Jirani yetu muuguzi kapita kumpima mama. Miguu imevimba zaidi. Kanivuta mpaka jikoni akafunga mlango kwa kisigino. Moyo umechoka, kasema, si wa kutikiswa. Asipewe habari nzito, hata ya furaha. Nikamuuliza habari nzito ya furaha ni ipi. Hakucheka.

Mama kutoka sebuleni: "Mnanong'ona nini huko? Mimi kipofu, si kiziwi."

Jumamosi, 8 Juni

Leo mama kasema. Nilikuwa namsugua mgongo kwa kitambaa cha maji moto, na labda kutonitazama ndiko kulikomfungua, ingawa kunitazama hawezi. Naandika yote kabla sijaanza kuyatengeneza.

Yeye alikuwa mpiga taipu wa ofisi ya karakana ya reli, baba karani wa zamu mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Hayo nayajua tangu niko mtoto. Nisiyoyajua: kwamba aligombana naye. Alikuwa na mimba yangu ya miezi saba. Baba alipomwambia wenzake wanaandika Tamko na majina yatakuwa chini, mama alimwambia, ukitia jina lako, mimi usinihesabu tena. Baba hakujibu. Wakanuniana siku mbili ndani ya vyumba viwili, wanapishana mlangoni bila neno.

Siku ya tatu jioni baba akaweka karatasi mezani. Rasimu, na orodha aliyoiandika yeye, kurasa mbili zimebanwa kwa pini. Kila jina na neno lake pembeni kushoto: Yumo, au Hayumo. Aliyemo apigwe chapa, asiyemo arukwe. Akaenda zamu. Katibu wao angekuja alfajiri kuchukua stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala.

"Nikapiga," kasema mama. "Ukurasa wa kwanza wote. Nikafungua wa pili. Wa kwanza juu kabisa, yeye. Yumo."

Alilia huku anapiga, kasema, lakini hakukosea hata nukta. Pale rasimu iliposema "Sisi watu" pakaachwa wazi kwa idadi, akahesabu majina aliyopiga, akajaza: thelathini na mmoja. Katibu alibeba bila kusoma, mbio mbio.

Asubuhi baba alirudi na kikaratasi mkononi, wino haujakauka. Alisimama mlangoni akakisoma mpaka chini. Akamtazama mama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ahsante."

"Alinishukuru! Nimemsihi asiende, kaenda, tena ananikejeli kwa ahsante. Nikamgeuzia mgongo nikaendelea kuosha vyombo."

Saa nne askari walikuja na lori, wakamchukua pamoja na wenzake. Nikazaliwa miezi miwili baadaye. Utawala ulipoanguka baada ya miaka saba, waliorudi walikuwa kumi na tisa. Baba hakuwamo.

"Watu wanamwita shujaa," kasema mama. "Sawa. Mimi alinikosea. Kulikuwa na sisi wa kwenye Tamko na sisi wa humu ndani, akachagua wale. Miaka hamsini najaribu kumsamehe, mwanangu. Nataka nife nimemsamehe. Bado sijaweza."

Maji yalikuwa yamepoa. Nikaenda kuyachemsha upya.

Jumapili, 9 Juni

Nimeitoa karatasi. Ilikuwa kwenye droo ya cherehani, ndani ya foronya, chini ya bobini za uzi. Mama aliambiwa aichome akashindwa, kwa kuwa ni mwandiko wa baba, na hakuna mwingine uliobaki. Tangu siku hiyo hajawahi kuifungua. Foronya imeshonwa kwa uzi mweusi, mishono yake ile midogo midogo. Nikaikata kwa wembe, mama amelala chumba cha pili.

Mwandiko wa baba! Miaka yangu yote arobaini na tisa sijauona. Herufi zimesimama wima kama watu kwenye foleni ya benki. Nilikaa nikautazama tu, sisomi.

Kisha nikasoma. Ukurasa wa kwanza, majina ishirini na mawili: Yumo, Yumo, Hayumo, Yumo, Yumo. Wasiomo wawili. Ukurasa wa pili, majina kumi na matatu. Kona ya juu kushoto imekunjwa na kuchomwa pini, pini yenyewe imekula kutu. Na hapo kwenye ncha ya mkunjo, jina la baba.

Yumo.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa amani leo. Lakini mimi ni mwalimu, kazi yangu kalamu nyekundu. Neno lilinikera. Kwa wengine wote "Yumo" imeanza kwa Y kubwa yenye mkia mrefu. Hii y ni ndogo. Baba, karani wa mwandiko ule, aanze neno kwa herufi ndogo, tena kwenye jina lake?

Pini ilitoka na kutu yake. Nikakunjua kona.

Ha.

Hayumo.

Nimekaa na hiyo karatasi mapajani mpaka jua likahama dirisha. Nimerudia kuhesabu wasiomo kwenye kurasa zote. Wawili, na wawili, na baba. Watano. Walioridhia ni thelathini. Thelathini kamili, kama alivyopenda Wakili.

Alimsikiliza. Alimsikiliza mama! Alijitoa. Na kwa kuwa hawakuwa wanasemezana, aliona karatasi itamwambia.

Jumatatu, 10 Juni

Kipindi cha pili. Nimefika "kwa hiari yetu" nikashindwa. Nikawaambia wasome kimyakimya. Wakili kaja mezani mwisho wa kipindi, kaniuliza kama naumwa. Nikasema jino. Kanipa karafuu kutoka kwenye mkoba wake, mtoto wa watu. Nimeitafuna njia nzima.

Jumanne, 11 Juni

Nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, insha ya "Siku Nisiyoisahau", ndipo nikaelewa ile ahsante.

Baba alijua kajiandika Hayumo. Akafungua kikaratasi, akakuta jina lake. Nani alipiga chapa? Mkewe. Mkewe aliyesema usinihesabu tena. Angedhani nini? Kwamba mkewe kabadili moyo. Kamhesabu kwa mkono wake mwenyewe. Kwamba alilala amenuna, akaamka amemruhusu awe mtu aliyetaka kuwa.

Akamwambia ahsante.

Hakuwa anakejeli. Alishukuru kweli, akageuziwa mgongo, na bado saa nne walipokuja hakusema mimi simo. Angeweza. Rasimu ilikuwepo. Alinyamaza ili asimwangushe.

Nimelilowesha daftari la mtoto wa mtu. Nimeandika pembeni: samahani, maji.

Jumatano, 12 Juni

Hotuba haiandikiki. Nimeanza mara sita. "Ndugu wananchi, nguvu ya Tamko ni majina." Nikafuta. "Nguvu ya Tamko ni hesabu isiyodanganya." Nikafuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Haya, mwalimu wa ushawishi, jishawishi basi. Pita mlango wa akili: karatasi ikiwekwa kwenye kioo, kona imekunjuliwa au haijakunjuliwa, mtaalamu mmoja atasoma kilichomo. Jumapili yake itakuwa redioni, na mama ana masikio. Bora alisikie kwangu. Mlango wa moyo: moyo wenyewe ndio huo uliochoka, muuguzi kanikataza. Mlango wa msemaji: na mimi ni nani? Mimi ni ile mimba iliyomfanya aseme usitie jina. Bila mimi wasingegombana, na wangesemezana baba angemwambia kwa mdomo.

Nikimwambia Hayumo, nampa mume aliyemsikiliza. Miaka hamsini ya hasira inakwisha siku moja, hana tena cha kumsamehe. Lakini papo hapo namwambia ni vidole vyake. Vidole vyake ndivyo vilivyomtia baba kwenye lile lori. Nitatoaje kimoja bila kingine? Neno ni moja.

Nikisema Yumo, anakufa na kinyongo na mtu asiye na kosa.

Na kuna jambo jingine, nitaliandika mara moja tu. Mama huyu anasikia nukta iliyokosewa kwa mlio wa mashine. Majina thelathini na matano, kila Yumo kwa Y kubwa, moja tu ndogo. Hakuiona? Au alikuwa na hasira kiasi kwamba alitaka iwe Yumo, apate mtu wa kulaumu? Sijui. Pengine yeye mwenyewe hajui. Pengine ndiyo maana ya ule uzi mweusi.

Alhamisi, 13 Juni

Nimefikiria kuichoma. Nimefika mpaka jikoni na kiberiti. Mwandiko wa baba ukanitazama. Nimerudi nao.

Nimeikunja kona vilevile, nikatafuta pini. Ile ya kutu imekatika. Nimeweka mpya, inang'aa.

Jioni mama kakataa uji. Kashika mkono wangu, kidole kimoja kimoja, kama anavihesabu. Kesho, kasema, kabla hawajaichukua, unisomee majina yote. Anataka kuyasikia kwa mwandiko wa baba. Nikamwambia mwandiko hausikiki, mama. Kasema, "Wewe soma, mimi nitausikia." Kisha: anataka afike kwenye jina lake, aseme nimekusamehe, basi aache kubeba.

Nikasema haya. Nini kingine?

Ijumaa, 14 Juni

Saa mbili na nusu. Nimemwogesha, nimemvika gauni la bluu, hilo la kupokelea maafisa na kwendea kanisani. Kaomba mafuta ya nywele. Kaomba nifungue dirisha.

Saa tatu kasoro dakika kumi. Nimesoma ukurasa wa kwanza. Kwa kila jina alikuwa na neno. Huyu alipenda kukopa kalamu. Huyu alikuwa na kigugumizi, lakini akiimba hana. Huyu alirudi, akafa kwa malaria mwaka wa pili. Nilipofika kwa Hayumo wa kwanza, sauti yangu ilipanda, akageuza shingo. Amesikia kitu. Kasema, "Endelea."

Gari limefika. Dereva na kijana wa kike wa kamati, mwenye glavu nyeupe na sanduku la kadibodi. Nimewaomba wakae barazani. Wamekubali kwa adabu.

Nilifungua ukurasa wa pili, mama akanyoosha mkono. Nipe niishike, kasema, nilale nayo kidogo kabla ya jina lake. Nikampa. Nilikosa akili, nilipaswa kukataa. Vidole vyake vilipanda pembeni ya karatasi moja kwa moja mpaka kwenye kona. Vikasimama kwenye pini.

"Hii mpya," kasema.

Nikainama kunyoosha shuka.

"Yangu ilikuwa na kichwa bapa."

Kaitoa yeye mwenyewe, polepole, kaiweka kwenye shuka. Kakunjua kona. Kaipapasa ile sehemu ambayo haijaguswa na jua kwa miaka hamsini. Ni laini kuliko kwingine, hata mimi niliisikia juzi. Kalamu ya baba ilikuwa nzito, imeacha mfereji kwenye karatasi. Kidole cha mama kimekaa humo. Kinakwenda, kinarudi.

Nimekaa mezani, hatua tatu kutoka kitandani, naandika haya kwa sababu mikono isipofanya kitu itaanguka. Dereva karudi garini, kapiga honi mara moja, fupi, ya kuomba radhi.

Kaniuliza, hapa pameandikwaje. Nikamwambia natafuta miwani. Iko usoni kwangu.

Uso wake hauna hasira. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kidole kiko palepale.

"Herufi ngapi, mwanangu?"

Nne, nikisema nne ataiachia karatasi, atasema nimekusamehe, gari litaondoka. Sita, na atajua ile ahsante ilikuwa ya nini.

Anaisikia kalamu. Anasema, acha kuandika, mwalimu, hesabu kwa sauti.